Mduara na Chama: Jinsi Muziki wa Choro Ulivyofundishwa nchini Brazili



Yawezekana baadhi yenu mlipoliona tangazo la mhadhara huu mlidhani kwamba karani wa idara amekosea. Mhadhara wa hadhara katika Taaluma za Kiswahili hutarajiwa kuzungumzia tenzi, lahaja, msamiati, au angalau taarabu; nami nimekuja kuwasimulia habari za watu wa Rio de Janeiro na Brasília ambao huketi kuizunguka meza wakapiga filimbi, mandolini na magitaa. Nina deni la kueleza, na ni afadhali nililipe mapema.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, watumwa waliopelekwa Rio de Janeiro hawakutoka Angola na Kongo peke yake. Kadiri Uingereza ilivyozidi kuibana biashara hiyo kaskazini mwa Ikweta baada ya mwaka 1815, ndivyo wafanyabiashara wa Kireno na wa Kibrazili walivyozidi kuigeukia pwani ya kusini mwetu, yaani Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane na Inhambane. Watu hao, wakiwemo Wamakua, Wayao na majirani zao, walishushwa kwenye gati la Valongo lililojengwa mwaka 1811, na katika madaftari ya mji wakaandikwa kwa jina moja tu la "Moçambique", ingawa huko kwao hapakuwa na mtu aliyejiita hivyo. Sidai hata kidogo kwamba wao ndio walioanzisha muziki nitakaouzungumzia. Muziki huu ni wa mjini na una wazazi wengi: polka iliyotoka Ulaya ya kati, ngoma ya lundu iliyochezwa na Waafrika, na nyimbo za mapenzi za Kireno. Nasema tu kwamba mitaa ulikozaliwa ilikuwa imejaa watu wa asili ya Kibantu, wakiwemo wa upande wetu wa bara.

Sababu ya pili ni ya kitaaluma, nayo ndiyo iliyonisukuma zaidi. Wanazuoni wa Afrika Mashariki wamekwishatambua tangu zamani kwamba chama cha muziki si mahali pa starehe tu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma za beni, alionyesha kwamba chama cha ngoma kinaweza kusomwa kama historia ya jamii nzima. Na walioandika juu ya taarabu ya Unguja hawakosi kuanzia Nadi Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905. Hata hivyo, vyama hivyo tumevichunguza zaidi kwa upande wa ushindani, siasa, mavazi na mafumbo. Swali ambalo tumeliuliza kwa nadra ni hili: chama hufundishaje? Kijana anaingia hajui kitu, hakuna mwalimu aliyeajiriwa, hakuna mtaala wala cheti, na baada ya miaka kadhaa anatoka akiwa mpigaji. Ni jambo gani hasa limetokea katikati?

Kwa muziki wa choro tuna bahati ya kuwa na ushahidi wa takriban miaka 150. Hoja nitakayoitetea ni kwamba muziki huu haukudumishwa na serikali wala na soko, bali na desturi ya kukusanyika ambamo kupiga na kufundisha vilikuwa tendo moja. Na kwamba desturi hiyo ilipokuja kupewa jengo, jukwaa na darasa, ilipata faida kubwa lakini pia iliweka rehani kitu kimoja.

Neno lenyewe

Choro hutamkwa "shoro". Sikio la Mswahili, likiliona limeandikwa, hufikiria kuchora. Sikio la Mreno husikia kulia machozi, maana kitenzi chorar katika Kireno ndicho kulia. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba jina limetokana na jinsi magitaa yanavyoteremka kuelekea sauti nene mithili ya mtu anayelia. Luís da Câmara Cascudo, mtaalamu mashuhuri wa fasihi simulizi ya Brazili, alipendekeza asili nyingine: xolo, ambalo kwa maoni yake lilikuwa jina la ngoma za watumwa mashambani. Naye Ary Vasconcelos alilihusisha neno hilo na choromeleiros, wapiga zumari wa enzi za ukoloni. Sisi wa idara za Kiswahili tungefurahi mno kama xolo lingethibitika kuwa la Kibantu, na kwa sababu hiyo hiyo yatupasa tuwe wa mwisho kulikubali bila ushahidi.

Lililo muhimu zaidi kuliko asili ya neno ni mfuatano wa maana zake. Mnamo miaka ya 1870 choro halikuwa jina la aina ya muziki. Lilikuwa jina la kikundi cha wapigaji. Kisha likawa jina la hafla ambayo wapigaji hao walikusanyika. Na baadaye sana, katika karne ya 20, ndipo lilipokuwa jina la utungo wenyewe. Watu walipata jina kabla ya muziki wao.

Makarani wa Rio

Mwaka 1808 Mwanamfalme Mtawala wa Ureno na baraza lake, wakimkimbia Napoleon, walihamia Rio de Janeiro. Mji uliokuwa bandari ya koloni ukawa makao ya dola, na dola huhitaji ofisi. Tangu hapo, na zaidi baada ya biashara ya watumwa kutoka ng'ambo kupigwa marufuku mwaka 1850 na mitaji kuelekezwa kwenye reli, gesi na simu za maandishi, lilizuka tabaka la watumishi wadogo: makarani wa forodha, wapeleka barua, wafanyakazi wa reli, wapiga chapa wa serikali, askari wa bendi. Wengi wao walikuwa machotara au weusi waliozaliwa huru. Mshahara ulikuwa mdogo lakini wa uhakika, kazi ilikuwa na saa yake ya kumalizika, na gitaa halikuwa ghali kama piano.

Joaquim Callado (1848–1880), mtoto wa kiongozi wa bendi, alikuwa mpiga filimbi aliyekuja kupewa kazi ya kufundisha katika Chuo cha Muziki cha Kifalme. Kikundi chake, Choro Carioca, kilikuwa na filimbi moja, magitaa mawili na kavakinyo, yaani gitaa dogo la nyuzi nne lililoletwa na Wareno. Katika makundi ya namna hiyo mara nyingi ni mpiga filimbi peke yake aliyeweza kusoma nota. Wengine walimfuata kwa sikio. Walipiga polka iliyokuwa imeingia Rio katika miaka ya 1840, lakini waliipiga kwa kuichelewesha hapa na kuiharakisha pale, na kuutia mdundo wa lundu ndani yake, hata ikaacha kuwa ya Ulaya. Ipo habari ndogo inayonipendeza: mjini humo humo aliishi Mbelgiji Mathieu-André Reichert, bingwa wa filimbi ya kisasa ya mfumo wa Boehm, ilhali Callado alibaki na filimbi yake ya zamani ya mbao. Wapenzi wa muziki waliwalinganisha. Wote wawili walifariki mwaka huo huo wa 1880.

Haya yote tungeyajua kwa uchache sana lau si mtu mmoja ambaye hakuwa mwanahistoria. Mwaka 1936 Alexandre Gonçalves Pinto, mtumishi wa Posta aliyekuwa akigawa barua, ambaye pia alipiga gitaa na kavakinyo, alichapisha kitabu cha kumbukumbu za wapigaji wa zamani. Sarufi yake ilikuwa na kasoro, tahajia yake ilikuwa ya kubahatisha, na waliojiona wasomi walikicheka. Lakini Pinto alifanya jambo ambalo hakuna msomi wa zama zake aliyelifanya: alimwandika kila mpigaji aliyemkumbuka, mmoja baada ya mwingine, mamia ya watu, akieleza huyu alipiga ala gani, alifanya kazi ofisi ipi, alikaa mtaa gani, alikuwa na tabia gani mezani. Ni orodha ya mtu aliyezoea kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kitabu hicho kilichapishwa upya mwaka 1978, na leo hakuna utafiti wa choro usiokitegemea.

Kutokana na Pinto tunajua uchumi wa hafla hizo. Wapigaji hawakulipwa fedha, walilishwa. Kabla ya kukaa kitako usiku kucha, mmoja wao alitumwa jikoni kuchungulia, na kama hali ilikuwa mbaya alirudi na maneno ya fumbo kwamba paka amelala juu ya jiko. Jiko ambalo paka amelala juu yake halina moto, wala hakuna kitakachopikwa. Wenzake walielewa na kuanza kutafuta kofia zao. Tusilichukulie jambo hili kuwa kichekesho tu. Mwenye nyumba alitoa chakula na uwanja wa nyuma. Wapigaji walitoa muziki. Na vijana wa mtaani waliosimama ukutani walipata bure kile ambacho kwingine kingelipiwa ada.

Wala tusiipake rangi ya waridi hali hiyo. João da Baiana, aliyekuja kuwa mpiga tari hodari kuliko wote wa zama zake, alisimulia kwamba mwaka 1908 polisi walimnyang'anya tari yake, maana mtu mweusi aliyeonekana na tari njiani alihesabiwa mzururaji. Seneta Pinheiro Machado, aliyekuwa amemwalika nyumbani kwake, alimpa tari mpya yenye maandishi ya kumtunukia, na tangu hapo hakuna askari aliyeigusa. Yaani ala hiyo hiyo ilikuwa kosa la jinai au la, kutegemea jina lililoandikwa juu yake. Hali kadhalika Chiquinha Gonzaga (1847–1935), mpiga piano ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa mtumwa, aliingia katika kundi la Callado kwa gharama ya kutengwa na familia. Mwaka 1914 mke wa Rais, Nair de Tefé, alipoupiga kwa gitaa utungo wa Gonzaga uitwao "Corta-Jaca" katika hafla ya Ikulu, Rui Barbosa alisimama katika Seneti kulalamika kwamba heshima ya nchi imeshushwa. Bibi Gonzaga alikuwa na umri wa miaka 67 wakati huo, na alikuwa amewahi kuipigania nchi hiyo iondokane na utumwa.

Nyumba ya Viana

Mfano ulio bora zaidi wa mafunzo ya mduara unapatikana katika nyumba moja. Alfredo da Rocha Viana alikuwa mtumishi wa ofisi ya simu za maandishi, mpiga filimbi, na mkusanyaji wa madaftari ya nota zilizonakiliwa kwa mkono. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vingi na wageni wengi, hata ikaitwa Pensão Viana, yaani nyumba ya wageni ya Viana. Mtoto wake, aliyezaliwa mwaka 1897, ndiye ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Pixinguinha.

Mtoto huyo alianzia kwenye kavakinyo, akifundishwa na kaka zake, kwa sababu nyumbani ilihitajika mtu wa kuipiga. Baadaye alipata mwalimu wa kweli, Irineu de Almeida, mmoja wa wageni waliokaa humo. Irineu alipiga ofiklaidi, pembe kubwa ya shaba yenye vifuniko ambayo sasa imetoweka katika bendi. Kazi yake katika kundi haikuwa kuongoza lahani. Filimbi ndiyo iliyoongoza. Yeye alikwenda chini yake, akitunga papo hapo lahani ya pili iliyoijibu ya kwanza. Kijana Pixinguinha alipoanza kurekodi santuri, yapata mwaka 1911, alikuwa akipiga filimbi juu, na mwalimu wake alikuwa chini yake akimjibu.

Sasa turuke miaka 35. Katika miaka ya 1940 Pixinguinha, akiwa amekwishapata sifa na kupoteza fedha, aliiacha filimbi na kushika saksafoni ya tena. Kuanzia mwaka 1946 alirekodi mfululizo wa santuri na mpiga filimbi Benedito Lacerda, na tungo nyingi kati ya hizo, ambazo Pixinguinha alikuwa amezitunga miaka mingi nyuma, zilisajiliwa kwa majina ya wote wawili. Hilo la majina linauma, na wapo wanaolisemea hadi leo. Lakini sikilizeni kile saksafoni inachokifanya. Haiongozi. Inakwenda chini ya filimbi, inaijibu, inaikatiza, inaitangulia kufika. Inasikika kana kwamba ni Irineu huyo, ambaye alikuwa amekwishakufa zamani, na ala yake imekwishatoweka, lakini kazi yake bado inafanyika katika ala nyingine na mdomo wa mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa ameiandika. Ilikaa katika sikio la mtoto aliyeketi upande wa pili wa meza.

Soko lilikuwepo, bila shaka. Mwaka 1919 Pixinguinha na wenzake saba, Os Oito Batutas, waliajiriwa kupiga katika ukumbi wa kusubiria wa sinema ya Palais, na mwaka 1922 walikwenda Paris kwa msaada wa tajiri Arnaldo Guinle, huku baadhi ya waandishi wa magazeti wakikasirika kwamba Brazili inawakilishwa na watu weusi. Kisha ikaja redio, na wapigaji wa choro wakawa vikundi vya kuwasindikiza waimbaji kwa mshahara. Lakini soko lina tabia ya kuondoka bila kuaga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lilihamia kwenye bossa nova, kisha kwenye muziki wa umeme, na vikundi vya redio vikavunjwa.

Mezani

Mduara, ambao wenyewe huuita roda, hukaa hivi. Katikati kuna meza yenye vinywaji. Wapigaji hukaa wakiitazama meza, yaani wanatazamana, na msikilizaji yeyote huiona migongo yao. Filimbi, mandolini au klarineti hubeba lahani. Kavakinyo hushika mdundo. Gitaa la nyuzi sita hujaza. Gitaa la nyuzi saba, lenye uzi mmoja mnene wa ziada, hutembea chini kwa mistari yake yenyewe. Na tari huwafunga wote. Nyuma yao kuna mduara wa pili wa watu walioleta ala zao lakini hawajakaribishwa, na humo ndimo mwanafunzi anamoanzia. Hupiga polepole asisikike, akiwatazama vidole watu wa gitaa. Siku kiti kikibaki wazi, mtu humwashiria kwa kidevu.

Utungo wa kawaida una sehemu tatu. Ya kwanza hupigwa mara mbili, ya pili mara mbili, ya kwanza ikarudiwa mara moja, ya tatu mara mbili, na kumalizia kwa ya kwanza. Kwetu sisi tuliozoea ushairi, hiyo sehemu ya kwanza inafanya kazi inayofanana na ya kibwagizo: ni mahali ambapo kila mtu anajua kwamba atarudi. Aliyeikosa sehemu ya pili kwa mara ya kwanza huwa na nafasi ya pili papo hapo kuirekebisha. Na kwa kuwa sehemu ya kwanza hupigwa mara nne kwa jumla, mwenye sikio zuri huweza kuanza wimbo asioujua na kuumaliza akiujua. Muundo wenyewe ni mwalimu mvumilivu.

Ila wapigaji si wavumilivu. Tangu enzi za Callado, kiongozi wa lahani alipenda kuwajaribu wenye magitaa kwa kugeuka ghafla njia wasiyoitarajia, na aliyepotea alisemwa kuwa ameangushwa. Kuna tungo ambazo majina yake ni vijembe vya wazi. Ule wa Ernesto Nazareth wa mwaka 1914, "Apanhei-te, Cavaquinho", ni sawa na kumwambia mpiga kavakinyo kwamba nimekushika. Mtu aliyepata kusikia malenga wawili wakijibizana, mmoja akimtupia mwenzake fumbo ili aone kama atalifumbua, hatahitaji maelezo zaidi. Kuangushwa mbele ya wenzako ndio mtihani, na adhabu yake ni kicheko.

Si wote walioupenda utani huo. Jacob do Bandolim (1918–1969), bingwa wa mandolini ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa mahakama, aliendesha mikusanyiko nyumbani kwake Jacarepaguá ambapo mgeni aliyeongea wakati wa kupiga alijuta. Alikusanya nota, picha na santuri kwa bidii ya mtu anayejua kwamba hakuna mwingine atakayefanya hivyo, na hifadhi yake iliingia katika Makumbusho ya Picha na Sauti ya Rio. Aliwakaripia wenzake kwa uzembe, na walimwogopa, lakini kikundi alichokiunda, Época de Ouro, ndicho kilichopanda jukwaani na Paulinho da Viola mwaka 1973 na kuwafanya vijana wa Rio wagundue kwamba babu zao walikuwa na muziki.

Mji mkuu unapohama

Tarehe 21 Aprili 1960 Brazili ilihamisha mji wake mkuu kutoka Rio kwenda Brasília, mji uliojengwa nyikani kwa ramani. Wizara zilihama, na watumishi wakahama nazo. Nimeeleza kwamba choro ilikuwa muziki wa makarani; basi, faili zilipopakiwa, muziki nao ulipakiwa. Tatizo lilikuwa kwamba Brasília haikuwa na viwanja vya nyuma ya nyumba. Ni mji wa barabara pana na majengo ya ghorofa yanayofanana, usio na pembe za mitaa ambapo mtu hukutana na mwingine kwa bahati.

Hivyo mduara ukahamia sebuleni. Odette Ernest Dias, mpiga filimbi Mfaransa aliyefika Brazili mwaka 1952 kupiga katika okestra na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Brasília, aliifungua nyumba yake. Walikuja Avena de Castro na cítara yake, ala ya nyuzi inayolazwa, jamaa wa mbali wa ganuni yetu. Pernambuco do Pandeiro na tari. Na Waldir Azevedo, mtunzi wa "Brasileirinho", mpiga kavakinyo maarufu kuliko wote nchini. Azevedo alikuwa amehamia Brasília mwaka 1971, na huko mashine ya kukatia nyasi ilikaribia kumkata kidole. Ilimbidi ajifunze upya kupiga. Kwa mtu wa namna hiyo kukaa na wenzake mezani halikuwa jambo la burudani tu.

Mwaka 1977 walijiandikisha rasmi kuwa chama, Clube do Choro de Brasília, na serikali ya mji ikawapa mahali. Mahali penyewe palikuwa chumba cha kubadilishia nguo katika Kituo cha Mikutano. Naliona jambo hili kuwa la maana kuliko linavyoonekana. Sebuleni, chama kilidumu kwa sababu kilitegemea mtu kufungua mlango. Baada ya kupata chumba, kilianza kutegemea bomba la maji, kufuli, na nia njema ya ofisi. Katika miaka ya 1980 chumba kilichakaa na shughuli zikasimama. Azevedo alikuwa amefariki mwaka 1980. Chama kilifufuliwa katika miaka ya 1990 chini ya Henrique Filho, mwandishi wa habari ajulikanaye kama Reco do Bandolim, kwa utaratibu mwingine kabisa: maonyesho ya kila wiki, tiketi, jukwaa, wageni wa kualikwa kutoka kote nchini. Mwaka 1998 kikafungua shule na kuipa jina la Raphael Rabello, mpiga gitaa la nyuzi saba aliyekuwa amefariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 32. Baadaye yakajengwa makao mapya kwa ramani ya Oscar Niemeyer, yule yule aliyeyabuni majengo makuu ya mji.

Jukwaa na darasa

Faida ya mabadiliko hayo haibishaniwi. Hamilton de Holanda, aliyezaliwa mwaka 1976 na kukulia Brasília, alianza kupiga na kaka yake Fernando César tangu utotoni mbele ya wazee wa choro, na leo mandolini yake ya nyuzi kumi inasikika duniani kote. Shule imewafikia watoto ambao wazazi wao hawakuwa na gitaa nyumbani, na wasichana wengi ambao zamani mduara wa pili usingewapa nafasi ya kusimama. Hilo la mwisho peke yake lingetosha kunyamazisha manung'uniko mengi ya wazee. Mduara wa zamani ulikuwa na upendo mwingi, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba.

Kilichowekwa rehani ni kile kilichompata Pixinguinha upande wa pili wa meza. Jukwaani wapigaji huwatazama wasikilizaji, hawatazamani. Darasani wanafunzi hupangwa kwa ala: magitaa chumba hiki, filimbi chumba kile. Ni utaratibu wa busara, na ndio utakaomwezesha mtoto kujua vidole vyake haraka zaidi. Lakini Irineu hakuwa mwalimu wa filimbi. Alichomfundisha kijana yule hakikuwa namna ya kuipiga ala yake, bali namna ya kuwa chini ya mwenzako bila ya kumfunika, na somo hilo halina chumba chake. Swali hilo hilo linavihusu vyuo vya kwetu: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa Zanzibar mwaka 2002 ili kufundisha taarabu kwa nota na kwa ngazi, kazi ambayo kwa karibu karne moja ilikuwa imefanywa na mazoezi ya jioni ya vyama.

Wabrazili wenyewe wameliona tatizo, na jibu walilolitoa huko Rio linanivutia. Mwaka 2000 Luciana Rabello, dada yake Raphael, pamoja na Maurício Carrilho na wenzao, walianzisha Escola Portátil de Música, yaani shule ya muziki inayobebeka. Kwa miaka mingi ilifundisha kila Jumamosi katika viwanja vya chuo kikuu kilichopo Urca. Asubuhi wanafunzi hutawanyika madarasani kwa ala zao. Kisha wote, anayeanza na aliyebobea, hukusanyika nje chini ya miti, mamia kwa pamoja, na kupiga tungo zile zile. Ukubwa wake hauruhusu meza. Lakini anayeanza anakaa karibu na asiyeanza, na anasikia gitaa la nyuzi saba likitembea ng'ambo ya filimbi yake.

Tarehe 29 Februari 2024 Brazili iliisajili choro kuwa urithi wa utamaduni wa taifa, baada ya maombi ambayo chama cha Brasília kilikuwa miongoni mwa waliyoyawasilisha. Sheria ya huko inataka usajili wa namna hiyo uchunguzwe upya angalau kila baada ya miaka kumi, kuona kama jambo lenyewe bado lipo. Kabla ya hapo, mwaka 2000, sheria nyingine ilikuwa imeitenga tarehe 23 Aprili kuwa Siku ya Taifa ya Choro, kwa kuwa ndiyo iliyodhaniwa kuwa siku ya kuzaliwa Pixinguinha. Mwaka 2016 watafiti walibainisha kutoka kwenye nyaraka kwamba alizaliwa tarehe 4 Mei. Yeye mwenyewe, aliyefariki mwaka 1973 akiwa kanisani kwenye ubatizo, aliishi maisha yake yote akiisherehekea ile nyingine. Tarehe ya sheria haikubadilishwa, na kila mwaka ifikapo tarehe 23 Aprili meza hutolewa nje na viti hupangwa kuizunguka.